Jina la duka lako mtandaoni limeandikwa kwa nani?

Biashara nyingi za familia zetu zimehamia mtandaoni kimyakimya. Mama aliyekuwa akishona kanzu na mabaibui kwa ajili ya majirani leo hupokea oda kutoka Dodoma, Mombasa na Muscat, kwa watu asiopata kuwaona kwa macho. Wauza viungo, wauza halua, wapika keki za harusi, wenye maduka ya vitabu na wasafirishaji wa mizigo, wote wamo. Wengi walianza na picha za WhatsApp, wakafungua ukurasa wa Instagram, kisha biashara ikakua hata ikahitaji tovuti yake yenyewe na anwani ya barua pepe yenye jina la duka. Hapo huitwa kijana anayejua kompyuta, hulipwa ujira wake, na baada ya siku chache tovuti huwa hewani. Jina jipya huchapishwa kwenye kadi, huandikwa juu ya mlango na ubavuni mwa gari la mizigo.

Katika furaha hiyo, swali moja huwa halijaulizwa: jina lile limesajiliwa kwa nani? Katika safu hii ya familia tumeona vyema kulizungumza jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu hasara yake haiji siku ya kwanza. Huja miaka mitano baadaye, wakati jina limekwisha kuwa na thamani, na wakati watu waliokuwa wamoja si wamoja tena.

Mali ya kukodi

Kila kompyuta inayohifadhi tovuti hutambulikana kwa namba. Namba hizo ni ngumu kukumbuka, na ndiyo maana mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Paul Mockapetris, alibuni utaratibu wa kuzipatia majina. Jina la namna hiyo huitwa jina la kikoa: ni yale maneno yanayoishia na .com, .co.tz, .co.ke na mengineyo. Mteja huandika jina, na mtandao humtafutia namba yake. Jina la kwanza lenye .com, la kampuni ya Symbolics, lilisajiliwa Machi 15, 1985.

La kufahamu mwanzo kabisa ni kwamba jina la kikoa halinunuliwi moja kwa moja. Hukodishwa. Unalipia mwaka mmoja au zaidi, hadi miaka 10 kwa jina la .com, na muda ukiisha bila kulipia tena, haki yako hukoma na mwingine anaweza kulichukua. Anayelifahamu soko la Kariakoo ataelewa upesi: ni kama fremu ya duka. Maadamu kodi inalipwa, mlango ni wako. Na kama ilivyo katika fremu, anayetambuliwa ni yule ambaye jina lake limo katika mkataba. Aliyenunua bidhaa, aliyepaka rangi na aliyeleta wateja hatambuliwi kwa hayo.

Tusichanganye pia vitu vitatu vinavyouzwa pamoja. Kuna jina, kuna nafasi katika seva, ambako kurasa za tovuti huhifadhiwa, na kuna kazi ya fundi aliyezitengeneza kurasa hizo. Fundi anaweza kubadilishwa, na seva inaweza kuhamwa. Jina likipotea, kadi zote, mabango yote na barua pepe zote hupotea nalo.

Jina linalosikika

Tuanze na uchaguzi. Jina jema ni lile ambalo mtu akilisikia mara moja kwa simu anaweza kuliandika bila kukosea. Kwetu sisi jambo hili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa majina yetu mengi yana sura zaidi ya moja. Abdalla ni Abdallah na ni Abdullah. Hadija ni Khadija, kanga ni khanga. Duka likiitwa As-Salaam, mteja mmoja ataandika Assalam, wa pili Alsalam, na wa tatu ataweka kistari katikati. Wote wamesikia sawasawa, lakini ni mmoja tu atakayefika.

Kiswahili kina mtego mwingine. Maneno yetu huishia na irabu, na katika jina la kikoa hakuna nafasi baina ya neno na neno. Ukiunganisha halua na asilia, herufi mbili za a hukutana, na msikilizaji ataandika moja. Afadhali kutafuta neno la pili linaloanza kwa konsonanti. Herufi zinazokubalika katika majina ya kawaida ni a hadi z, tarakimu, na kistari, ambacho hakiruhusiwi kuanza wala kumaliza jina. Kisheria sehemu moja ya jina yaweza kufika herufi 63, lakini hakuna mteja atakayeziandika. Kistari na tarakimu nazo ni vizuri kuziepuka. Ukisema mbili kwa mdomo, mtu hajui kama aandike tarakimu au neno.

Jaribio lake ni jepesi. Mpigie simu shangazi au mjomba asiyejua habari za tovuti hiyo, mtajie jina mara moja tu, umwombe akuandikie na akutumie. Rudia kwa watu watano. Ikiwa wawili wamekosea, tafuta jingine. Na kabla ya kulipia, wasomee jina watu wa sehemu nyingine, maana neno la heshima Unguja laweza kuwa la aibu bara, na maneno mawili mema yakiunganishwa bila nafasi yanaweza kuzaa la tatu lisilotajika mbele ya wakwe.

Lipo pia suala la kujifunga. Anayeliita duka lake kwa jina la bidhaa moja atapata taabu siku atakapoongeza nyingine. Na anayetumia neno ambalo kila mtu hulipenda, kama Baraka au Amana peke yake, atakuta limekwisha kuchukuliwa, au atafanana na wengine kumi. Kuongeza jina la mji au la kazi yenyewe hutatua mengi.

Kuhusu mwisho wa jina, mfanyabiashara wa Tanzania hutumia zaidi .co.tz au .com. Majina ya .tz husimamiwa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Sehemu ya .co.tz ni ya biashara, .or.tz ni ya taasisi zisizo za kibiashara, .sc.tz ni ya shule na .go.tz ni ya Serikali. Kenya, .co.ke iko chini ya KeNIC. Jina la nchi humwambia mteja kwamba duka liko karibu naye. Jina la .com hukumbukwa kwa wepesi na watu wa ng'ambo. Gharama ya .com mara nyingi huwa kati ya dola 10 na 20 za Marekani kwa mwaka, hivyo mwenye kuweza achukue yote mawili na kuyaelekeza mahali pamoja, asije mwingine akachukua la pili na kusimama mlangoni pake.

Nani ameandikwa?

Sasa tufike kwenye kiini. Kijana aliyetengeneza tovuti, mara nyingi bila nia mbaya, husajili jina kwa akaunti yake mwenyewe. Hutumia barua pepe yake, namba yake ya simu na nywila anayoijua yeye peke yake. Kwake ni njia ya mkato, kwa kuwa tayari ana akaunti yenye majina ya wateja ishirini. Kwa mwenye duka maana yake ni kwamba mkataba wa fremu umeandikwa kwa jina la fundi rangi.

Mambo yakienda vyema hakuna anayegundua. Lakini kijana huyo anaweza kupata kazi Doha na kubadili namba. Anaweza kugombana na familia kuhusu malipo. Anaweza kuwa mpwa, na ugomvi ukaanzia kwenye harusi na wala si kwenye biashara. Anaweza kufariki dunia, Mungu amrehemu, na simu yake ikafungwa. Katika hali zote hizo msajili ataangalia daftari lake, na daftari litasema jina si lako. Kulirejesha kutategemea hisani ya mtu au uamuzi wa mahakama.

Kwa hiyo wakati wa kusajili, anayeandikwa kuwa mmiliki awe mwenye biashara mwenyewe, au kampuni ikiwa imesajiliwa. Fundi anaweza kupewa ruhusa ya kusimamia mambo ya kitaalamu bila kuwa mmiliki. Barua pepe ya usajili iwe ya mwenye mali, na isiwe ile inayotumia jina lenyewe la duka, kwani jina likizimika barua hiyo nayo huzimika, na njia ya kujiokoa huwa imekatika. Risiti za malipo zihifadhiwe pamoja na leseni ya biashara. Na makubaliano na fundi yaandikwe, hata kama ni mtoto wa dada: jina ni la nani, atakabidhi nini, na lini. Kuandika hakumaanishi kumshuku ndugu. Kunalinda undugu wenyewe.

Aliyekwisha kusajili afanye uhakiki. Asitosheke na kutafuta jina katika daftari la wazi la mtandaoni, kwa kuwa siku hizi majina ya wamiliki hufichwa humo kwa ajili ya faragha. Uhakiki wa kweli ni kuingia mwenyewe katika akaunti ya msajili, kwa nywila yako, na kuona jina lako limeandikwa. Ukishindwa kuingia, mwite fundi kwa wema, wakati bado mnaelewana, mkalibadilishe pamoja.

Siku ya kodi

Jina hupotea pia kwa kusahau. Desemba 1999 kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia jina passport.com, lililokuwa likitumika kuwaingiza watu katika barua pepe zao za Hotmail. Watu wakashindwa kuingia. Michael Chaney, mtengeneza programu wa Marekani ambaye hakuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo, akalipa dola 35 kutoka mfukoni mwake na huduma ikarejea. Kampuni tajiri kiasi hicho ilisimamishwa na deni la dola 35. Ilimpata mtu mwema. Duka dogo lisitegemee bahati hiyo.

Kwa majina ya kimataifa kama .com, kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina hayo tangu mwaka 1998, humlazimu msajili kukukumbusha takriban mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, tena wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Jina likifutwa, kuna siku 30 za kulikomboa, kwa malipo makubwa zaidi. Baada ya hapo liko wazi kwa yeyote, na wapo watu ambao kazi yao ni kuyavizia majina yaliyoachwa. Majina ya .tz yana utaratibu wake, na msajili wako anapaswa kukueleza siku zake unapolipia.

Msomaji ataona sasa kwa nini suala la barua pepe ni zito. Makumbusho yote hayo hupelekwa kwenye anwani iliyoandikwa katika usajili. Ikiwa ni ya kijana aliyehama, mwenye duka hapati kitu. Lipia miaka kadhaa kwa pamoja, washa malipo ya kila mwaka yanayojiendesha ikiwa kadi yako inaruhusu, na uandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani ambako nyumba nzima inaiona.

Wezi na walaghai

Tatu, jina huibwa. Januari 2005 jina panix.com, la kampuni ya huduma za intaneti ya New York, lilihamishwa hadi kwa msajili wa Australia bila mwenyewe kujua. Kwa muda, barua pepe za wateja wake zikawa zinaelekea kusikojulikana, hadi jina liliporejeshwa. Kwa sababu ya matukio ya namna hiyo wasajili wengi huweka kufuli ya uhamisho, ambayo huzuia jina kuondoka mpaka mwenyewe aifungue, na namba ya siri ambayo bila hiyo uhamisho haukamiliki. Hakikisha kufuli imewashwa. Namba ya siri usimpe mtu isipokuwa siku unapohama kweli.

Nywila ya akaunti iwe ndefu na isiwe ile ya Facebook wala ya barua pepe. Washa uthibitisho wa hatua mbili, ili hata mwizi akiijua nywila, akwame. Na barua pepe inayotumika katika usajili ilindwe zaidi ya vyote, kwa kuwa aliyeishika anaweza kuomba nywila mpya.

Walaghai nao wana mbinu nyepesi zaidi: hutuma ujumbe unaofanana na ankara, wakidai jina lako linaisha kesho na kwamba ulipe kwa kiungo walichokuwekea. Mwingine hudai kuwa kuna kampuni ya mbali inataka kusajili jina lako, na kwamba ukiwahi kulipa watakuzuilia. Usibonyeze kiungo. Nenda mwenyewe kwenye tovuti ya msajili wako, uangalie tarehe.

Jina na sheria

Kusajili jina la kikoa hakukupi haki ya alama ya biashara, na kusajili jina la biashara hakukupi jina la kikoa. Haya ni madaftari tofauti. Tanzania Bara, majina ya biashara, kampuni na alama za biashara husajiliwa BRELA. Zanzibar ni BPRA. Alama iliyosajiliwa upande mmoja hailindwi upande wa pili, jambo ambalo wafanyabiashara wanaovuka bahari kila wiki husahau. Kwa Bara alama husajiliwa kwa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kabla ya kulipenda jina, lipekue katika madaftari yote hayo.

Kisa cha Uzi Nissan kinafundisha. Bwana huyu wa North Carolina, Marekani, alikuwa na biashara ndogo ya kompyuta iliyobeba jina la ukoo wake, na mwaka 1994 akasajili nissan.com. Mwaka 1999 kampuni ya magari ya Nissan ikamshtaki. Kesi ilichukua miaka, ikamgharimu fedha nyingi, lakini jina lilibaki mikononi mwake hadi alipofariki mwaka 2020. Kilichomsaidia ni ukweli kwamba jina lilikuwa lake hasa, na alilitumia kwa biashara yake hasa. Hata hivyo, kushinda kwa gharama kama hizo si jambo la kumtakia mwenye duka.

Kwa majina ya .com upo utaratibu wa usuluhishi uliowekwa mwaka 1999. Mlalamikaji huthibitisha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba mwenye nalo hana haki nalo, na kwamba lilisajiliwa na linatumiwa kwa nia mbaya. Mbele ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, ada ya shauri dogo ni dola 1,500. Fedha hizo ni nyingi kwa mshonaji, na ndiyo sababu ya kuwahi mapema. Kanuni hiyo inatukata pande zote mbili: anayechukua jina la duka maarufu na kubadili herufi moja ili awapate wateja wake, naye anaweza kunyang'anywa. Tena, jina la kuazima halijengi sifa ya mtu.

Atakapoondoka mwenye duka

Tumalizie na jambo ambalo familia hulikumbuka kwa kuchelewa. Mwenye biashara akifariki, warithi huhesabu nyumba, shamba, bidhaa na fedha za benki. Jina la kikoa halihesabiwi, kwa sababu halionekani. Siku zinapita katika msiba na eda, ujumbe wa kukumbusha unaingia katika simu iliyozimwa, na jina ambalo marehemu alilijenga kwa miaka 15 linaangukia kwa mtu baki.

Jina hilo ni sehemu ya mali ya biashara, na haki za warithi zimo ndani yake. Kwa kuwa halikatwi vipande kama shamba, njia ya salama ni kulithamini pamoja na duka, warithi wakaafikiana nani aliendeleze na wengine wafidiwe vipi. Lakini hayo yote huwezekana tu ikiwa wanajua kwamba lipo. Basi pale unapoandika madeni yako, amana ulizowekewa na wasia wako, ongeza mstari mmoja: jina la kikoa, msajili wake, tarehe ya kuisha, na mahali nywila ilipohifadhiwa. Nywila yenyewe usiiandike hadharani. Iweke kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mtu mnayemwamini nyote.

Washirika nao wafanye vivyo hivyo. Ndugu wawili wanaofungua duka pamoja waandike tangu mwanzo kwamba wakitengana jina litabaki kwa nani. Siku ya kufungua duka swali hilo hujibiwa kwa kicheko baada ya chai. Siku ya kutengana hujibiwa mbele ya wazee, na wakati mwingine mbele ya hakimu.

Wiki hii, kabla ya kazi nyingine, ingia katika akaunti ya msajili wako. Tazama jina la mmiliki, barua pepe, tarehe ya kuisha na kufuli. Ni kazi ya nusu saa. Na kama hujui pa kuingilia, basi umeshapata jibu la swali letu la mwanzo, na ni vyema umelipata leo.